Dirisha la Nyanjige

Mambo yaliharibika siku ya Jumanne, tarehe kumi na moja Julai, mwaka tisini na tano, kabla chai ya saa nne haijachemka. Bundala Mayige alikuwa ameamka vizuri siku hiyo, jambo ambalo peke yake lingetosha kumtia wasiwasi. Uji ulikuwa na sukari. Ng'ombe wake wawili wa mkokoteni, Katibu na Mwenyekiti, walikubali nira bila ubishi. Majina hayo aliwapa mwenyewe mwaka ule alipofiwa na mke, kwa sababu moja tu: alitaka apate haki ya kumchapa Katibu hadharani pasipo kuitwa kituoni.

Alikuwa anapeleka mapipa ya maji kwa wauza chai wa sokoni Bariadi. Alipofika kwenye nyumba ya marehemu baba yake, akamkuta bwana mmoja ana kopo la rangi nyekundu na brashi, ameupa mgongo ulimwengu, anachora ukutani alama kubwa ya mkasi, mistari miwili inayokatana.

Nyumba yenyewe haikuwa nyumba bado. Mzee Mayige aliiacha ikiwa imefika kwenye linta: tofali za kuchoma, vyumba vinne, milango isiyo na mbao, na juu mbingu. Watoto wake watatu waliirithi, na mtaa mzima ukairithi pia bila kuulizwa. Majirani walianika michembe ya viazi vitamu chumba cha mbele. Sungusungu walifanya vikao vyao chumba cha kati, mbuzi wa watu walizalia chumba cha nyuma, na kile cha nne kilikuwa na shughuli zake baada ya magharibi ambazo watu wazima hawakuzitaja. Bundala na bintiye Stephania waliishi kwenye kijumba cha udongo nyuma yake, kama walinzi wa mali isiyolipa mshahara.

"Mwangaluka," Bundala alisalimu, maana hata mwizi husalimiwa kwanza.

"Salama, mzee," alijibu yule bwana bila kugeuka.

"Unaandika nini hapo?"

"Alama."

"Alama ya nini?"

"Ya gofu."

Bundala akasimamisha ng'ombe. "Gofu ni nyumba iliyokufa, bwana. Hii haijazaliwa."

"Mzee, amri imeshuka. Nyumba zote za barabara ya soko zisizo na paa, mvua za kwanza zikizikuta hivi, kiwanja kinarudi ofisini. Anapewa mtu mwenye uwezo."

"Imeshuka kutoka wapi?"

"Juu."

Bundala akainua macho, akachungulia juu kupitia pale ambapo paa lingekuwa. Mwewe mmoja alikuwa anazunguka. "Huko juu ndiko zilikobaki bati zangu," alisema. "Pamba ya baba ya msimu wake wa mwisho ilipakiwa kwenye lori la ushirika mchana kweupe, tukaambiwa hela iko njiani. Baba amekufa akiitazama hiyo njia. Sasa ukirudi huko, waambie waikutanishe amri na hela, zishuke pamoja, zisiachane njiani."

Yule bwana akacheka, kicheko kizuri cha mtu mwenye mshahara, akamalizia mguu wa pili wa ile alama. Tone la rangi likamwangukia Bundala kwenye katambuga yake ya tairi, ya kushoto. Halikutoka tena. Ukitaka kujua serikali inafananaje, Bundala alikuwa akisema baadaye, ni kama mvua ya Meatu: ikitangazwa haiji, na ikija inakukuta umeanika.

* * *

Kesho yake alikwenda ofisini. Alikaa kwenye benchi mpaka kivuli cha mlingoti wa bendera kikamfikia miguuni, kikampita, kikaenda kumtafuta mwingine. Karani alipomwita, alimtazama miguuni kwanza, usoni baadaye.

"Hizo katambuga ziache mlangoni, mzee. Zinakwaruza sakafu."

Bundala akazivua. Akaingia pekupeku juu ya sementi iliyong'aa, akahisi ubaridi wake, akawaza kwamba hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kuikanyaga sakafu aliyoilipia kodi tangu ujana.

Bwana wa viwanja alikuwa kijana mpole. Hakumfokea, na hilo ndilo lililouma. "Baba, kama huna uwezo, uza," alimwambia, kama anayempa mtoto pipi. "Siku hizi mambo yamefunguliwa. Kuuza ruksa, kununua ruksa."

"Na kukaa na kitu chako?"

"Hilo nalo ruksa. Ila kiwe na paa."

Alipotoka, katambuga moja ilikuwa imesogezwa na mfagiaji mpaka chini ya mlingoti. Ilikuwa ile yenye doa jekundu. Akaivaa huku amesimama kwa mguu mmoja, ameushika mlingoti, watu wa benchi wakimtazama, na mmoja akamwambia ameshika bendera vizuri.

* * *

Kuuza. Neno hilo lilimfuata mpaka nyumbani, likakaa naye mezani. Kama ingekuwa nyumba tu, pengine angeiuza na kulala usingizi. Kilichomzuia kilikuwa dirisha.

Mtu yeyote wa Bariadi wa miaka hiyo angekuonyesha nyumba ya Mayige kwa dirisha lake. Lilikuwa pana kuliko mlango, pana kuliko milango miwili ukiiweka bega kwa bega. Lilianzia kiunoni, likaenda, likaenda, mpaka ukuta ukaona aibu. Wapita njia waliuliza kama ni duka, au kanisa, au fundi alikuwa amelewa. Fundi hakulewa. Lilijengwa kwa adabu tupu.

Nyanjige, mke wa Bundala, alipoolewa pale, aliishika mila kama ilivyo: mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, wala hazungumzi naye ana kwa ana. Lakini mila hiyo haikumkataza kuzungumza na mbuzi. Akiwa na neno la kumwambia mzee Mayige, alimtafuta mbuzi aliyekuwa karibu. "Wewe mbuzi, chumvi imekwisha ndani." Mzee alikohoa, na jioni chumvi ilikuwepo.

Basi nyumba ilipofika usawa wa madirisha, jioni moja Nyanjige akasimama uani akamwambia mbuzi, "Wewe mbuzi, mimi ningejengewa nyumba ningetaka dirisha la kutazama soko. Lianzie hapa, liishie hapa." Akaweka mkono mmoja kiunoni, mwingine akaunyoosha juu ya kichwa. Hakutaka makubwa. Alitaka dirisha la kawaida ambalo mtu akisimama haliinamishi shingo yake.

Mzee Mayige alisikia. Lakini angetazamaje mikono ya mkamwana? Akakitazama kivuli chake. Na jua lilikuwa linazama. Kivuli kilikuwa kimelala chini, kutoka kiunoni mpaka ncha za vidole, kirefu kama chatu aliyeshiba. Mzee akakipima kwa fimbo yake kwa heshima zote, na kwa kuwa alikiona kimelala, akamwambia fundi alijenge lilale. Fundi akauliza mara mbili. Mzee akasema, "Ndivyo mbuzi alivyotaka."

Nyanjige alipoliona alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akalipenda. Kila alasiri alikaa kwenye kizingiti chake, miguu ikining'inia, akachambua mchele huku akilitazama soko lote bila kulipa kiingilio. "Yule wa ushuru leo kanunua nyama," alimwambia Bundala akirudi. "Kwa hiyo ushuru ameukusanya."

Alifariki kwa homa. Hospitalini waliandika dawa kwenye kikaratasi, wakasema ikanunuliwe dukani, maana hata kupona kulikuwa kumeingia soko huria. Bundala alizunguka na kile kikaratasi mpaka maduka yakafunga. Tangu hapo wakubwa wote, kuanzia balozi wa nyumba kumi kwenda juu, aliwaweka kwenye mfuko mmoja akaufunga kamba.

* * *

Jumamosi dada yao Milembe alishuka kutoka Lamadi na tenga la furu wakavu. Alikuwa ameolewa ziwani, mwanamke mnene wa sauti na wa mwili, na harufu ya samaki ilimtangulia kama tarishi. Yeye alikuwa mkubwa, Bundala wa kati, Joakim wa mwisho. Joakim alikuwa fundi baiskeli chini ya kibanda cha turubai, naye alikuja akiwa amenyoa ndevu.

"Huyu kanyoa," Milembe alisema kabla hajatua tenga. "Kuna mtu anataka kumdanganya."

Walikaa chumba cha mbele, katikati ya michembe ya jirani. Stephania akaleta chai.

"Tuuze," Joakim alisema. "Nasema wazi. Kiwanja kitachukuliwa bure na sisi tutabaki tunasimulia. Tukiuza, kila mtu anapata chake. Mimi nafungua duka la spea, dada anaongeza mtaji wa samaki, kaka anaezeka kijumba chake."

"Kijumba changu hakivuji," alisema Bundala.

"Kinavuja, baba," alisema Stephania kutoka mlangoni.

"Kinavuja kidogo."

Milembe alikuwa anatafuna mchembe wa jirani. "Bundala, wewe unataka nini? Useme kama mtu, usiniambie habari za serikali."

Bundala alitazama dirisha. Kupitia humo soko lilionekana lote, watu na baiskeli na vumbi. "Nataka tumalize," alisema.

"Kwa hela gani?"

Pamba yake ya mwaka ule ilikuwa imeliwa na wadudu kwa sababu dawa ya ruzuku ilikuja ikiwa maji. Mkokoteni ulimpa chakula, haukumpa bati.

"Mnunuzi atatoka wapi?" Milembe alimgeukia Joakim. "Alama imechorwa Jumanne."

Joakim akajikuna kidevu alichonyoa. "Yupo mmoja. Anaitwa Gilbert. Ni wakala wa kampuni hizi mpya za kununua pamba. Nilimtengenezea pikipiki. Tukaongea."

"Mliongea kabla ya alama au baada?" aliuliza Bundala.

"Kabla. Lakini alama sikuileta mimi, kaka. Naapa kwa baba."

"Usimwapie baba. Ana shida zake," alisema Milembe. "Mlete huyo mtu kesho. Kumwangalia mnunuzi si kuuza. Mimi kila siku naangaliwa na watu wasionunua."

* * *

Gilbert alikuja na pikipiki, shati jeupe, kalamu tatu mfukoni. Alikuwa mtu wa Musoma, mcheshi, na alimpa Bundala shikamoo kamili ya mikono miwili, jambo lililomkera Bundala maana alikuwa amejiandaa kumchukia.

Alizunguka nyumba. Vyumba vya nyuma alivipita kama mtu anayepita msibani kwa asiyemjua. Alimruka mbuzi. Alipofika kwenye dirisha akasimama. Akalitazama kwa ndani, akatoka, akalitazama kwa nje. Akaegemeza paja kwenye kizingiti. Akatazama barabara, akatazama mkokoteni wa Bundala uliokuwa umeegeshwa pale, akarudi kutazama kizingiti.

Halafu akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa. "Wazee wangu, nyumba ni nzuri. Ila hili dirisha limeniharibia. Hii ni kasoro. Mnaona ufa unavyonyemelea? Nikinunua, kitu cha kwanza ni kuliziba lote. Tofali, sementi, fundi. Gharama hiyo itabidi niitoe kwenye bei."

Akataja bei. Hata Joakim alikohoa.

"Kwani fundi wenu alikuwa anajenga nini hapa?" Gilbert alicheka. "Mlango wa ndege?"

Bundala alitaka kumwambia habari za kivuli, za adabu, za mwanamke aliyekaa pale akichambua mchele, lakini mambo kama hayo hayasemwi mbele ya mtu mwenye kalamu tatu. Akaenda kumfunga Katibu ambaye tayari alikuwa amefungwa.

Milembe alimfuata. "Bundala," alinong'ona. "Mtu anayetaka samaki mbichi hasifii macho. Anasema macho mabaya, mkia mbaya, huku kidole chake kiko kwenye mashavu. Umeona kidole cha huyu kilikuwa wapi?"

"Kwenye dirisha."

"Kwenye dirisha. Sasa niambie wewe mwenye mkokoteni, dirisha lina nini?"

Bundala akageuka. Mkokoteni ulikuwa nyuma yake, umeegeshwa kinyumenyume kuelekea ukutani kama alivyouegesha kila siku kwa miaka, na hakuwahi hata siku moja kuuona. Sakafu yake na kizingiti vilikuwa usawa mmoja, kana kwamba vilipimwa kwa kamba. Mkulima angerudisha mkokoteni wake pale, akalisukuma gunia la pamba, likateleza lenyewe mpaka kwenye mzani. Hakuna kubeba, hakuna kuinua, hakuna vibarua wa kulipwa. Na mikokoteni miwili ingeshusha kwa pamoja, kwa upana ule. Vituo vingine vyote Bariadi nzima vilikuwa na milango ya kupita mtu mmoja na gunia lake, wakigombana.

Kisha akatabasamu, na Milembe akashtuka, maana hakuwa ameliona tabasamu hilo tangu msiba.

"Stephania," aliita. "Kanda udongo."

"Udongo wa nini, baba?"

"Wa kuziba dirisha la mama yako."

Binti alimtazama baba yake, akamtazama shangazi yake, akaona jicho la shangazi limekonyeza kidogo. "Nikande wa kweli au wa utani?"

"Wa kweli. Utani tutaufanya baadaye."

* * *

Tofali zilizobaki zilikuwa zimerundikwa uani, zimeota nyasi. Bundala akazibeba mbili mbili. Akapaka udongo kwenye kizingiti, akalaza tofali la kwanza, akaligonga kwa mpini wa jembe. Akalaza la pili.

Gilbert, ambaye alikuwa anaongea bei na Joakim, akanyamaza katikati ya neno. "Mzee, unafanya nini?"

"Umesema kasoro. Tunaiondoa. Nyumba ikiwa haina kasoro na bei inakuwa haina kasoro."

"Hapana, msijisumbue."

"Si usumbufu. Tofali ni zetu, udongo wa Mungu." La tatu.

"Mzee Bundala, ningefanya mwenyewe. Baadaye."

"Baadaye utakuwa na shughuli za pamba." La nne. "Joakim, lete tofali. Mgeni anapata hasara tumesimama."

Joakim, aliyekuwa hajaelewa lolote, alileta tofali kwa moyo wote, na hapo ndipo mchezo ulipokolea, kwa sababu sura yake haikuwa na uongo hata chembe. Wapita njia walisimama. Mama mwenye michembe akaja kuuliza jamani kulikoni, dirisha la Nyanjige linazibwa na mtaa haujaambiwa. Sungusungu mmoja akasema kikao chao kitakosa mwanga. Mstari wa kwanza ukafika katikati.

Gilbert alikuwa anatoka jasho kama mtu anayetazama fedha yake inafukiwa. Mstari ulipobakiza tofali tatu, akaweka mkono wake juu ya kizingiti, pale pale ambapo tofali lililofuata lingelala.

"Inatosha," alisema.

"Toa mkono, mwanangu. Utaumia."

"Mzee, inatosha. Nimesema uongo. Dirisha ndilo ninalolitaka."

Mama wa michembe alipiga kigelegele kifupi, ingawa hakujua cha nini. Milembe aliketi kwenye tenga lake lililokuwa tupu, tenga likalia, akasema, "Sasa tuongee. Na useme kwanza nani kachora ile alama."

"Hiyo siijui, mama. Wamechora mtaa mzima. Hata kibanda tulichokodi mwezi uliopita wamekichora. Ndiyo maana nahangaika."

Bundala alimtazama sana. Alitamani iwe njama, kwa kuwa njama ingempa mtu mmoja wa kumchukia kwa raha. Lakini kijana alionekana kuumizwa na rangi ile ile.

* * *

Gilbert alipandisha bei. Akaipandisha tena. Joakim kila mara alikubali, na kila mara Milembe alimkanyaga mguu. Bundala hakuwa anasikiliza. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti, karibu na tofali zake mbichi, miguu inaning'inia, soko lote liko mbele yake.

"Hatuuzi," alisema mwishowe.

"Kaka," alilalama Joakim.

"Hatuuzi. Tutakubilisa."

Gilbert akamtazama Joakim, Joakim akamtazama Milembe.

"Kwetu," Bundala alianza, na sauti yake ikapata utulivu wa mtu anayejua anachosema, "mtu mwenye ng'ombe asiye na malisho humkabidhi ng'ombe wake mwenzake mwenye malisho. Ndiyo kubilisa. Wewe uliyekabidhiwa unakamua. Maziwa yako, samadi yako, hakuna wa kukuuliza. Lakini huuzi, huchinji, na ng'ombe akizaa, ndama ni wa mwenye ng'ombe. Mimi nina nyumba, sina malisho. Wewe una malisho. Maziwa ya nyumba hii ni dirisha. Pitisha pamba humo misimu mitatu, usiku na mchana, sitakuuliza. Ila ndama ni wangu."

"Na ndama ni nini, mzee?"

Bundala akaelekeza kidole mbinguni, pale pale mwewe alipokuwa anazunguka Jumanne. "Paa."

Gilbert akafikiri. Alikuwa mtu wa ng'ombe pia, kwao wanachunga. "Sawa," alisema polepole. "Lakini basi nianze kukamua msimu huu, paa lije mwakani."

"We kijana," alisema Milembe, "ulishaona wapi ng'ombe anatoa maziwa kabla hajazaa?"

Watu wote uani wakacheka, na Gilbert mwenyewe akacheka mpaka kalamu moja ikaanguka. Ndipo ikajulikana kwamba nyumba imepona. Walikubaliana palepale, mbele ya sungusungu na mama wa michembe: bati na mbao kwanza, pamba baadaye, Joakim akae kwenye mzani na alipwe kila wiki, na baiskeli za wakulima azitengeneze wakisubiri, Milembe apate chumba cha kati cha kuhifadhi samaki, mradi harufu isiingie kwenye pamba. Kuhusu harufu hakuna aliyeweka dhamana.

"Na wewe, mzee?" aliuliza Gilbert. "Wewe mwenyewe unachukua nini?"

Bundala alifuta udongo mikononi. "Jioni mkifunga mzani," alisema, "nitakaa hapa dirishani. Saa moja tu."

Kisha akaanza kubomoa tofali zake kabla hazijakauka.

* * *

Bati zilipanda mwezi wa Agosti. Mtaa mzima ulikuja. Stephania na wenzake walipika ugali wa mtama na furu wa shangazi, vijana wakapokezana misumari, na kila bati lililogongwa liliitikiwa na wanawake kwa vigelegele. Mbuzi mmoja aligoma kutoka chumba cha nyuma. Wakaezeka akiwa ndani.

Yule bwana wa rangi alipita katikati ya shughuli, akasimama, akalitazama paa mpaka pembe zote nne.

"Sasa uifute alama yako," Bundala alimwambia.

"Kufuta ni juu ya mwenye nyumba, mzee. Rangi ya kufutia unanunua mwenyewe."

Bundala hakukasirika. Akamletea sahani ya ugali. Alama ikabaki, na msimu ulipochanganya, wakulima wa Mwandoya na wa Migato walielekezana hivyo hivyo: peleka pamba yako pale penye mkasi mwekundu, hubebi gunia. Mikokoteni ilipanga foleni mpaka sokoni. Katibu na Mwenyekiti wakanenepa kwa kazi ya kuhamisha marobota, na Bundala akawa anawachapa mara chache, kwa kukumbusha tu.

Lakini jioni ile ya kuezeka, watu walipokwisha kula, Gilbert alikuja akaketi kwenye kizingiti cha dirisha, upande wa pili wa Bundala. Alikuwa amevua shati lake jeupe, mikono ina kutu ya misumari. Soko lilikuwa linafungwa. Milembe alikuwa ndani, nyuma yao, anaosha sufuria, na Joakim anasafisha mzani mpya kama mtoto wa kwanza.

"Mzee," alisema Gilbert, "juzi nilikuwa Migato kuangalia pamba. Nikawauliza wazee kuhusu hii kubilisa yenu. Nilitaka kujua kama umenipiga."

"Wakasemaje?"

"Wakasema hujanipiga. Ndama wa kwanza ni wa mwenye ng'ombe, haki kabisa." Akatelezesha kiganja juu ya kizingiti, taratibu, mahali ambapo miaka ya kukaliwa na mtu mmoja ilikuwa imekilainisha. "Lakini wakasema na kitu ambacho hukuniambia. Kwamba mchungaji akitunza vizuri, siku ya kurudisha ng'ombe haondoki mikono mitupu. Naye hupewa ndama wake, wa kuondoka naye moja kwa moja."

Milembe akaiweka sufuria chini.

"Ni kweli," alisema Bundala. Hakuwa mtu wa kuikana mila iliyokwisha kumwokoa.

"Basi nikitunza misimu yote mitatu, ndama wangu atakuwa chumba. Si lazima kikubwa." Mkono wake ulikuwa bado juu ya kizingiti. "Mimi nishakipenda hiki chenye dirisha."

"Ndama wa mchungaji anachaguliwa na mwenye ng'ombe," Milembe alisema haraka kutoka ndani.

"Mmoja wa Migato kasema hivyo hivyo, mama. Mwingine akamkatalia. Akasema anachagua mchungaji, kwa kuwa ndiye aliyelala nao zizini. Nimewaacha wanabishana, na nasikia mpaka leo hawajamaliza." Akamgeukia Bundala, bila hila, uso wa kijana anayetaka kujua kweli. "Sasa wewe, mzee, ndiye uliyenifundisha. Ndama wa mchungaji anachaguliwa na nani?"